Nafundisha uhuru, mwenyewe nimefungwa

Bwana Yesu asifiwe, Mama.

Nimeisoma safu yako kwa miaka mingi, na mara nyingine nimeisomea darasa langu. Leo naandika kwa ajili yangu mwenyewe. Nina miaka 41, nina mke na watoto watatu. Kanisani nafundisha darasa la uanafunzi, wale waliookoka karibuni, na karibu kila mtu ananiita Mwalimu. Jina hilo linanichoma.

Miaka sita iliyopita nilikuwa katibu wa kwaya. Mweka hazina alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ndiye aliyesimama nami siku ya ndoa yangu. Tulikuwa tukichanga fedha za kununulia vyombo vya muziki, nazo zilikaa kwenye kasha ambalo ufunguo wake alikuwa nao yeye. Aliposafiri kwa siku mbili aliniachia ufunguo. Wakati ule nilikuwa nimebanwa na deni hata usingizi umenikimbia. Nikafungua, nikachukua, nikijiambia nitarudisha kabla mwezi haujaisha. Sikurudisha.

Siku ya hesabu fedha zikapungua. Rafiki yangu akawaeleza wazee kwamba aliniachia ufunguo. Wakaniuliza, yeye akiwa amekaa pale pale. Nikasema, "Ni kweli aliniachia, lakini sikulifungua kasha." Hakubishana nami. Aliniangalia tu. Wakamwondoa kwenye nafasi yake. Pengo lote alilifidia yeye kutoka mfukoni mwake, kidogo kidogo, kwa miezi minane, kisha akaacha kuja kanisani. Nasikia siku hizi hasali popote. Najua anapoishi.

Tangu siku ile sina amani, Mama. Nimefunga siku tatu, nimefunga siku saba, mwaka jana nilifunga siku 21. Nimekwenda kwenye maombi ya kufunguliwa mara nne. Kila nikitoka najisikia mwepesi, na kabla wiki haijaisha uzito unarudi. Mtumishi aliyeniombea mara ya mwisho alisema kifungo changu ni cha ukoo, kimetoka kwa babu zangu. Nilipoanza kumweleza habari za kasha alinikatiza. Akasema ya kale yamepita, nisifukue kaburi, na kwamba nikimtii yeye ndipo nitakapofunguliwa.

Mke wangu hajui lolote. Nimekusanya kiasi kile kile nilichochukua, nakusudia kukitia kwenye bahasha isiyo na jina na kukitoa kama sadaka ili yaishe. Je, nitakuwa nimetii? Nikisema hadharani, si nitawakwaza wale wachanga ninaowafundisha? Na kama Mungu alikwisha kunisamehe nilipotubu chumbani, nafukua ya nini? Jumapili ya mwisho ya mwezi huu ni zamu yangu kufundisha Yohana sura ya 8, "kweli itawaweka huru". Sijui nitasimamaje.

Mwalimu aliyefungwa

*

Mwanangu Mwalimu,

Bahasha hiyo usiipeleke.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama hapo. Kanisa halikudai kitu. Rafiki yako alikwisha kulilipa, kidogo kidogo, miezi minane, deni ambalo hakulikopa. Ukiitumbukiza bahasha yako kwenye kapu la sadaka, utakuwa umemtolea Mungu mali ya mtu mwingine, na mtu huyo atabaki vile vile: mfuko umetoboka na jina limechafuka.

Torati ililiona jambo hili mapema. Fungua Hesabu 5, kuanzia aya ya 6. Aliyemkosa mwenzake anaambiwa aungame dhambi aliyoifanya, arudishe kitu chenyewe kikamilifu, aongeze juu yake sehemu ya tano, na ampe yule aliyemkosa. Kuhani anakuja kutajwa katika aya inayofuata, kwa ajili ya pale ambapo aliyekosewa hana jamaa wa kukipokea. Yaani madhabahu si njia ya mkato ya kumkwepa jirani. Rafiki yako yu hai, na wewe mwenyewe umeandika kwamba unajua anapoishi.

Sasa niseme jambo lililo zito kuliko fedha. Fedha ulichukua kwa siku moja. Uongo umeuishi kwa miaka sita. Kila Jumapili uliyokaa kanisani ukiitwa Mwalimu, sentensi ile uliyowaambia wazee imekuwa ikiendelea kufanya kazi yake: imemshika yeye kuwa mwizi na wewe kuwa mwaminifu. Ndiyo maana maombi yale yanakupa wepesi wa siku chache tu. Unaomba uondolewe uzito, na uzito wenyewe ni huruma ya Mungu kwako. Daudi alilijua hilo. Zaburi ya 32 inasema aliponyamaza, mifupa yake ilichakaa, mkono wa Bwana ukamlemea mchana na usiku. Hakukemea mkono ule. Alisema dhambi yake.

Wala usidhani nayadharau maombi ya kufunguliwa. Ninaamini Yesu anafungua watu, na nimeona kwa macho yangu. Lakini mtu hafunguliwi kwa maombi kutoka katika kitu ambacho bado amekishika kwa mkono wake mwenyewe. Na hilo la babu zako, nakusihi uliache. Ezekieli 18 yote iliandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakisema baba zao ndio waliokula zabibu mbichi na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Mungu akawakataza wasiitumie tena mithali hiyo. Roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa. Kasha lile hakulifungua babu yako.

Tuje kwenye sura yako ya Yohana. Sisi tumezoea kuukata mstari katikati. Tunaanzia kwenye "mtaifahamu kweli", tunauandika ukutani, tunauimba. Lakini Yesu alianzia nyuma kidogo: "Ninyi mkikaa katika neno langu, mmekuwa wanafunzi wangu kweli kweli, tena mtaifahamu kweli, nayo hiyo kweli itawaweka huru." Angalia mpangilio wake. Kwanza kukaa katika neno, ndipo uanafunzi, ndipo kuifahamu kweli, na uhuru unakuja mwisho. Sisi tunautaka huo wa mwisho kwanza, tukiahidi kwamba tukishaupata tutatii. Nawe umefanya hivyo kwa miaka sita: "Bwana, nipe amani kwanza, nipate nguvu ya kusema." Mwanangu, amani hiyo iko ng'ambo ya kusema.

Na uone aliowaambia ni nani. Yohana anasema ni wale Wayahudi waliomwamini. Si wapagani. Ni waamini, tena walikasirika. "Hatujawa watumwa wa mtu wakati wowote." Watu ambao baba zao walitoka utumwani Misri, na ambao siku ile ile walikuwa chini ya Warumi! Ndivyo mtu anavyokuwa akishauzoea utumwa wake, anauona kuwa ndiyo hali ya kawaida. Yesu akawajibu kwamba kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi. Wewe una heri kuliko wao, kwa kuwa umekwisha kusaini barua yako kwa jina "aliyefungwa". Hujajidanganya.

Kuna neno katika Biblia yetu ya Union ambalo nalipenda sana, Wagalatia 5:1. Inasema Kristo "alituandika huru". Wazee waliotafsiri hawakuliokota hewani. Kuandikwa huru ni neno la siku za utumwa: bwana alimwandikia mtumwa hati, na kuanzia hapo mtu yule akawa mwungwana. Hati haiandikwi na mtumwa. Haipatikani kwa kufunga siku 21 wala kwa kukiri vizuri. Kristo ameshaiandika, kwa damu yake. Ila mtu anaweza kuwa na hati mfukoni na bado kila asubuhi akaamka kufagia uwanja wa bwana wake wa zamani, kwa sababu anaogopa kupita mlangoni. Utii ndio huko kupita mlangoni. Haukununulii uhuru. Ndio uhuru wenyewe unapoanza kutembea.

Hapo ndipo ninapokujibu swali lako la tatu, kwamba kama Mungu amesamehe, unafukua ya nini. Mkumbuke Zakayo. Yesu aliingia nyumbani kwake kwanza, kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Neema ilitangulia. Lakini ilipoingia, yule mzee alisimama mwenyewe, bila kuulizwa, akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya anamrudishia mara nne. Sheria ya Hesabu ingemtosha kwa sehemu ya tano. Yeye alijipimia kipimo cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22. Aliyesamehewa haulizi kiwango cha chini. Toba yako ya chumbani naiamini. Sasa imekwama chumbani, nayo inataka kutoka nje.

Lipo pia suala la huyo mtumishi aliyekwambia utii wako kwake ndio utakaokufungua. Sitamhukumu, simjui. Ila ushauri wake usiufuate. Katika Kiswahili chetu kusikia na kutii ni neno moja. Mtoto asiyesikia si kiziwi, ni mkaidi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kiebrania nacho kiko hivyo hivyo: "shama" ni kusikia na ni kutii. Basi jiulize, sauti unayoisikia miaka sita yote hii ni ya nani? Ile inayokurudisha usiku kwenye uso wa rafiki yako akikuangalia bila kubishana. Mitume walipoamriwa na wakuu wa dini wanyamaze walisema, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Kiongozi wa kweli atakupeleka kwa uliyemkosea. Anayekukataza kusema kweli na kukutaka umtii yeye amejiweka mahali pasipo pake, hata kama anaomba hadi jasho linamtoka. Na aya ya "ya kale yamepita" inamhusu mtu aliye ndani ya Kristo na kuwa kiumbe kipya. Haikuandikwa ili kufunika kasha.

Sasa nikwambie namna ya kwenda, maana najua woga wako uko hapo.

Anza na mkeo, tena wiki hii. Asije akayasikia kwa watu. Usimwambie usiku mkiwa mmechoka, wala msiwe na watoto karibu. Atalia, huenda atakasirika kwa uongo kuliko kwa fedha, na ana haki. Usimwombe akufiche. Mwombe asimame nawe.

Kisha rafiki yako, kabla ya mchungaji na kabla ya wazee. Yesu anasema katika Mathayo 5 kwamba ukikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapo, uende zako, upatane naye kwanza. Nenda mwenyewe kwa miguu yako. Usimtumie ujumbe wa simu. Mwambie jambo lenyewe kwa jina lake: "Nililifungua kasha. Nikachukua. Nikasema uongo mbele yako, ukaubeba wewe." Usiseme "kama nilikukosea". Usiseme shetani alikupitia. Habari ya deni lililokubana usiitaje isipokuwa akuulize, maana kwa wakati huo itasikika kama kujitetea. Mpe fedha zake pamoja na nyongeza ya sehemu ya tano, na kama kiasi kizima hakijatimia mpe tarehe. Halafu unyamaze umsikilize. Anaweza kukufukuza. Anaweza kukaa mwaka mzima bila kukusamehe. Usimdai msamaha kana kwamba nao ni deni lake. Amelipa madeni yako ya kutosha.

Mwulize angependa jina lake lisafishwe vipi. Hili watu wengi hulisahau. Wanakwenda kukiri kwa namna inayowapa wao nafuu, wakimwacha aliyekosewa aaibike mara ya pili. Yeye ndiye aliyechafuliwa, yeye ndiye wa kusema.

Ndipo uwaendee mchungaji na wazee walewale waliokuhoji. Kanuni yangu ni hii: ungamo lifike pale uongo ulipofika, lisipungue hapo, na halina haja ya kuvuka hapo. Ulisema uongo mbele ya wazee, waambie wazee. Kwaya yote iliamini kuwa yeye ni mwizi. Kwaya yote inapaswa kujua kwamba hakuwa. Mkutano mzima ukiwa ulitangaziwa kuondolewa kwake, basi na wao waambiwe. Usiongeze maelezo yasiyowahusu. Madaraka yako ya kufundisha yaweke mezani wewe mwenyewe kabla hujaulizwa, na wakikupumzisha mwaka mmoja au mitatu, pumzika. Na kama jambo hili litakuwa na upande wa kisheria, pokea hilo pia, ukitafuta mtu wa sheria wa kukushauri. Sikuahidi kwamba itakuwa rahisi. Naogopa kwa ajili yako hata ninavyoandika.

Kuhusu kuwakwaza wale wachanga. Ninaelewa, nami nimekuwa mwalimu wa watu. Lakini fikiri, ni kipi kitakachowakwaza zaidi? Kumwona mwalimu wao akirudisha alichoiba, au kugundua baada ya miaka 10 kwamba aliyewafundisha uhuru alikuwa akifundisha kutoka gerezani? Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walikuwa na neno lao, kutembea nuruni. Walilitoa 1 Yohana 1:7. Watu walisimama wakataja dhambi zao, wakarudisha walivyoiba. Kulikuwa na wakati hata kukiri kwenyewe kuligeuka kuwa desturi, hilo lazima tuseme. Lakini kilichowavuta majirani waliokuwa hawaamini ni kuona mali ikirudi mlangoni pao, ikiwa mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyemkamata.

Aya ile ya Yohana inasema tukienenda nuruni "twashirikiana sisi kwa sisi". Ningetarajia iseme tunashirikiana na Mungu. Inasema sisi kwa sisi. Nadhani huo ndio upweke unaokula moyo wako kuliko hatia. Miaka sita hakuna mtu hata mmoja anayekupenda wewe, wanampenda Mwalimu. Mkeo anamkumbatia mtu ambaye hayupo kamili. Ndiyo maana, hata baada ya haya yote, utahitaji mtu mmoja au wawili wa kukuuliza maswali. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alipoandika kanuni za vikundi vyake vidogo mwaka 1738 aliweka maswali ya kila wiki, na mojawapo lilikuwa hili: je, huna lolote unalotaka libaki siri? Tafuta mtu wa kukuuliza hilo, na usimchague anayekuogopa.

Nami nikuambie jambo moja langu. Niliwahi kubeba uongo, mdogo kuliko wako, kwa miaka miwili, na siku nilipousema nilitegemea nitajisikia furaha. Sikujisikia hivyo. Nilitetemeka siku nzima. Ila usiku ule nilipopiga magoti, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, sikuwa na kitu cha kuzunguka. Maneno yalikwenda moja kwa moja. Uhuru wangu ulianza kimya namna hiyo, na hisia zilikuja nyuma sana.

Somo lako la Jumapili ya mwisho ya mwezi usilifundishe. Mwombe mwenzako akushikie darasa. Kama utakuwa umeshazungumza na mkeo, nendeni wote wawili saa ile ile ambayo ungekuwa umesimama mbele ya wanafunzi wako, mkabishe hodi kwa rafiki yako. Mimi nitakuwa nimepiga magoti, nikikutaja wewe, na yeye pia.